Mbuzi wa Ubaoni na Mbuzi wa Nyumbani: Somo juu ya Kufundisha Watoto Sanaa



Somo letu la safari hii ni kwa walimu wa shule za msingi, makatekista wanaokaa na watoto siku ya Jumamosi, na wazazi wote. Tumeulizwa mara nyingi jinsi tunavyofundisha sanaa, yaani kuchora, kufinyanga na kusuka, hapa Lodwar na kule Kakuma. Wengine huuliza kwa kutaka kujua. Wengine huuliza huku wakicheka kidogo: ati watu wana njaa, maji ni ya kuchimba kwenye laga, na nyinyi mnafundisha watoto kuchora? Maswali yote mawili ni ya haki. Tutayajibu, lakini kwanza tuanze na mbuzi.

Mbuzi wa ubaoni

Miaka kadhaa iliyopita tuliingia darasa la nne katika shule moja isiyo mbali na mji wa Lodwar. Watoto walikuwa sitini. Tukachukua chaki, tukachora mbuzi ubaoni, vizuri tu, ana pembe mbili, ndevu na mkia. Tukawaambia, "Haya, choreni." Wote wakainamia madaftari. Mvulana mmoja tu alikuwa ameketi, amekunja mikono. Tukamwuliza mbona hachori. Akasema, "Mwalimu, hiyo mbuzi si yetu."

Darasa likacheka. Na sisi tukacheka, na hilo lilikuwa kosa letu. Tulikuwa karibu kumlazimisha achore kama wenzake, lakini mmoja wetu akamwuliza, "Yenu ikoje?" Basi akaanza. Kichwa cheupe. Mbavu nyeusi upande mmoja tu. Sikio la kushoto limekatwa hivi, akaonyesha kwa kidole. Pembe moja imeinama kwa sababu alianguka korongoni akiwa mdogo. Akitembea hutangulia wengine, hapendi vumbi. Jirani yake akadakia kwamba hapana, amemchanganya na wa mama mdogo. Wakabishana, na wengine wakaingia kila mmoja na mbuzi wake, mpaka kengele ikalia.

Baadaye tulikusanya madaftari. Kulikuwa na mbuzi hamsini na tisa, wote wanatazama kushoto, wote wana ndevu zile zile. Yule wetu wa ubaoni tulikuwa tumemwiga kutoka kitabuni, na wa kitabuni huenda aliigwa kutoka kitabu kingine. Mbuzi wa kweli alikuwa ameingia darasani siku ile kwa maneno ya yule kijana, lakini hakuwa kwenye karatasi yoyote. Tulirudi nyumbani kimya kimya. Tangu siku ile hatuchori tena mbuzi ubaoni.

Mtoto haji mtupu

Mtu wa mjini akitaka kujua kama mbuzi wote wamerudi, atahesabu. Mtoto wa mfugaji hahesabu. Anasimama jioni kwenye mlango wa zizi, anaangalia wakiingia, kisha anasema, "Yule wa doa jichoni hayupo." Anawajua kwa sura zao, kama Padre anavyojua kwamba mama fulani hakuja Misa bila kuhesabu watu kanisani.

Jambo hili si dogo. Kiturkana kina maneno mengi ya rangi na mabaka ya wanyama kuliko rangi zote zilizo ndani ya pakiti ya kalamu za kuchorea. Hata majina yetu wenyewe tumeyapata huko: Lomeri, Longor, Lokwang, Lopus. Na mnyama huwekwa alama. Sikio hukatwa kwa namna ya nyumba fulani, ngozi huchomwa chapa ya ukoo. Neno lenyewe la ukoo, emachar, ni lile lile la chapa. Kwa hivyo mtoto wa Turkana, kabla hajajua herufi A, ameshajifunza kusoma alama zilizochorwa, na anajua kwamba alama ikikosewa mali inakwenda kwa mtu mwingine.

Mkipita barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol mtaona zile nguzo za mawe tunazoziita Namoratunga, watu wa mawe. Wazee husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakamdharau mgeni, wakageuka mawe. Iko Namoratunga nyingine upande wa Lokori, kwenye makaburi ya kale, na mawe yake yamechongwa alama. Watafiti waliofika huko katika miaka ya 1970 waliona kwamba nyingi zinafanana na chapa za ng'ombe tunazotumia mpaka leo. Watu wanaosema sanaa ililetwa huku na shule wapelekwe Lokori wakaone.

Basi imani yetu katika kufundisha ni hii. Mtoto haji darasani mtupu. Mwalimu wa sanaa hana kazi ya kumpa picha. Kazi yake ni kumsaidia atazame kwa makini kile alichozoea kukiona, halafu amfundishe mkono wa kukiweka kwenye karatasi, udongo au ukindu. Na picha ikiisha ni ya mtoto. Mengine yote tutakayosema yanatoka hapo.

Walimu waliotutangulia

Fikira hizi hatukuzibuni sisi. Katika miaka ya 1930 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha kuchora Kampala, kwenye baraza ya nyumba yake, na kutoka hapo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere. Alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi hadithi, kisha kila mmoja achore alichokiona kichwani mwake, badala ya kuwawekea picha ya Ulaya mbele ya macho waiige. Kuna mambo yake ambayo wasomi wa baadaye waliyalaumu, na kwa haki, kwa maana alitaka Mwafrika abaki na ya kale tu. Lakini desturi ile ya hadithi tumeijaribu, nayo inafanya kazi hata pasipo kitabu wala ubao.

Mwanafunzi mmoja wa Makerere, Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alipewa kazi katika miaka ya 1950 ya kupamba kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Kanisa lilijengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alichora maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa mpaka msalaba, na watu wote ni Waafrika, na milima ni ile ile inayoonekana ukitoka mlangoni mwa kanisa. Mwaka 1965 alianzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi. Anajulikana sana kwa fundisho lake kwamba tusiige, kwa sababu kuiga humlaza Mungu usingizi. Maneno hayo tumeyatafakari sana, na mbele kidogo tutasema wapi tunaona yanahitaji kuongezwa kitu.

Wanaofanya kazi za maendeleo katika Kanisa watakumbuka pia mafunzo ya DELTA yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1970, yaliyofuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazil. Mwezeshaji aliweka picha mbele ya watu, akauliza, "Mnaona nini?" Hakuwaambia picha inamaanisha nini. Swali hilo tumelichukua tukalipeleka darasani. Mtoto akileta picha, hatumwulizi "Hii ni nini?", maana swali hilo linamwambia kwamba haieleweki. Tunamwambia, "Tuelezee."

Bezaleli jangwani

Kwa wale wanaoona sanaa ni anasa, tusome pamoja Kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na sura ya 35. Waisraeli wako jangwani. Maji ni shida, chakula ni shida, watu wananung'unika. Hapo hapo Mungu anamwita Bezaleli kwa jina lake, anamjaza roho yake kwa ajili ya kazi ya mikono, na anampa Oholiabu awe msaidizi. Na vifaa vilikuwa nini? Dhahabu ilikuwepo, lakini pia mbao za mshita, ngozi, na singa za mbuzi ambazo akina mama walizisokota. Ukiondoa dhahabu, hivyo ni vitu vya Turkana! Tena sura ya 35, mstari wa 34, inasema Mungu aliweka moyoni mwa hao wawili kuwafundisha wengine. Ufundi na ualimu vilitolewa pamoja, katikati ya jangwa, kwa watu wenye njaa.

Hatusemi kwamba picha inashibisha. Haishibishi. Tunasema tu kwamba Mungu hakungoja shibe kwanza.

Kabla ya kusahihisha, uliza

Sasa twende darasani. Mwalimu akiwaambia watoto wachore nyumbani, wengi wa hapa watachora duara, na ndani ya duara mbuzi wamelala ubavu kila upande, kama wamekanyagwa na lori. Mwalimu aliyesoma chuo atasema ni makosa. Lakini mtoto huyu amekaa kilimani mara nyingi akichunga, ameliona boma kutoka juu. Tena anataka kila mnyama aonekane mzima, asifichwe na mwingine, kwa sababu mnyama asiyeonekana amepotea. Msichana mmoja alituchorea mbuzi mwenye mbuzi mdogo tumboni. Mwalimu wa darasa akacheka, akasema mbuzi hana dirisha. Tulipomwuliza mtoto, alisema, "Atazaa wiki hii." Alikuwa amechora habari kubwa kuliko zote za nyumbani kwao, na sisi tulitaka aifute kwa raba.

Siku tukifika kufundisha jinsi ya kuchora kitu cha mbali kikiwa kidogo na cha karibu kikiwa kikubwa, tunafundisha kama njia nyingine, si kama njia ya kweli inayofuta ile ya kwanza. Tunawatoa nje, wafumbe jicho moja, wapime mkoma ulio mbali kwa kidole gumba. Wanashangaa: mti mzima unajificha nyuma ya ukucha! Hapo hawahitaji tena hotuba ya mwalimu.

Mama wa vikapu

Kuna walimu waliotusikia tukisema hivi wakafikiri maana yake ni kumwachia mtoto afanye apendavyo na kumpigia makofi. Hapana. Sifa za bure ni mbaya kama dharau, na watoto wanazitambua mapema.

Tulijifunza hilo kwa mama mmoja msusi, kule ambako mikoma imeota kando ya mto Turkwel. Tulimwomba afundishe wasichana wetu kusuka kikapu cha ukindu. Hakusema maneno mengi. Alikaa, wao wakakaa karibu yake, wakawa wanatazama mikono yake. Mmoja alikosea, mama akafumua. Akarudia, mama akafumua tena. Mara ya tatu msichana alikuwa karibu kulia, na sisi tukataka kumwombea huruma. Mama akatuambia, "Mwalimu, nikinyamaza sasa, kikapu kitapinda mdomo, na atajua nilimdanganya." Mara ya nne kikasimama wima. Msichana huyo alikibeba kikapu kile kichwani mpaka kanisani, kitupu, ili watu wakione.

Hapo ndipo tunapoongeza kitu juu ya fundisho la kutoiga. Kusuka hujifunzwi pasipo kuiga. Miaka mizima unafuata mikono ya aliyekutangulia. Kuchonga ekicholong, kile kigoda ambacho mzee hukikalia mchana na kulazia kichwa usiku, ni vivyo hivyo. Kwa hivyo tunasema: mwige fundi mkono wake, namna anavyoshika, anavyokata, anavyokaza. Jicho ndilo usiige. Kikapu chako kiwe imara kama cha mama, lakini ua utakaloliweka liwe lile uliloliona wewe.

Kwa upande wa kuchora tunakuwa wakali vile vile. Mtoto akisema amemaliza baada ya dakika mbili, tunamrudisha: "Mbuzi wako ana magoti? Yanakunjika mbele au nyuma? Nenda ukamtazame." Kazi ya nyumbani ya somo letu karibu kila mara ni kwenda kutazama. Mzazi mmoja alilalamika kwamba mtoto wake anasimama mbele ya mbuzi nusu saa akidai ni kazi ya shule. Ni kweli mzee, ni kazi ya shule.

Kakuma

Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120. Kambi ilianza mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia bila wazazi. Wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na tangu mwaka 2016 yako pia makazi ya Kalobeyei, ambako watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji wanakusudiwa kusoma pamoja. Darasa la watoto zaidi ya mia moja si jambo geni huko.

Tulikwenda tukiwa na wasiwasi: mbuzi tunawajua, lakini hawa wametoka kwingine. Kumbe siku ya kwanza tulipoleta udongo, mvulana Mdinka alifinyanga dume lenye pembe ndefu zilizopinda, na mvulana Mturkana aliyeketi karibu naye akalitazama, akasema, "Hiyo ni mali." Hawakuwa na lugha moja ya kusemezana vizuri. Pembe zilitosha.

Lakini Kakuma ndiko tulikofanya kosa kubwa kuliko lile la ubaoni, nasi tunalieleza ili lisirudiwe. Tulisikia kwamba kuchora huwasaidia watoto waliopatwa na mambo mazito. Tukawaambia watoto, "Choreni yaliyowapata." Msichana mmoja alichora nyumba, akaijaza makaa mpaka karatasi ikatoboka, halafu hakuja wiki mbili. Hatukuwa na mtu wa kumsikiliza wala chumba cha kukaa naye. Tulifungua mlango tukashindwa kuingia naye. Tangu hapo hatuagizi mtoto yeyote achore vita au huzuni yake. Tunasema, "Chora njia unayopita kuja shule," au "Chora mtu anayekusuka nywele." Ikiwa jambo zito litajitokeza lenyewe, tunalipokea kwa utulivu, hatumdadisi mbele ya wenzake, na tunamjulisha mtu aliyesomea ushauri. Mwalimu wa sanaa si daktari.

Jambo lingine lilitokana na mgeni. Alikuja na kamera, mtu mwema, akaomba aonyeshwe picha za watoto. Alizipita zile za kuku na mpira, akasimama kwenye picha moja ya bunduki, akaipiga picha, akampa mtoto peremende. Wiki iliyofuata darasa zima lilichora bunduki na ndege za vita, hata watoto waliozaliwa Kakuma ambao vita wamevisikia tu. Hatukuwalaumu. Walikuwa wamejifunza somo lao vizuri sana: mgeni ananunua nini. Ilikuwa mbuzi wa ubaoni tena, ila safari hii mchoraji wa ubaoni alikuwa peremende.

Kwa hivyo tuliweka kanuni. Picha haitoki darasani bila mtoto kukubali, na mzazi au mlezi kujua. Haipewi mgeni kama zawadi kwa sababu mwalimu anataka kumpendeza. Haitumiki kwenye kalenda au kadi ya kuchangisha pesa bila mwenyewe kuulizwa, hata kama pesa ni za kazi njema, hata kama ni za Kanisa. Tunajua baadhi ya wenzetu hawakupendezwa na kanuni hii. Tunaiacha kama ilivyo.

Wako pia wazazi, hasa Waislamu, wasiotaka watoto wao wachore watu na wanyama. Mwalimu asigombane nao, wala asimfanye mtoto achague kati ya baba na shule. Kuna kazi tele: mapambo ya hina, mikeka, maumbo ya kupangwa. Watoto wa namna hiyo ndio waliotufundisha sisi kupanga umbo moja likarudia ukuta mzima bila kukosea.

Vifaa vya kwetu

Mwalimu atasema, "Sina karatasi wala rangi." Hatuna pia, mara nyingi. Somo la dakika 35 kwa watoto mia moja linaweza kuanza kwenye mchanga wa laga na kijiti. Mchanga una faida moja ambayo daftari halina: ukikosea, unapangusa kwa mkono, hakuna anayejua. Watoto waoga wote tunawaanzisha kwenye mchanga.

Makaa ni yale mabaki madogo ya jikoni. Msimtume mtoto kutafuta kuni kwa ajili ya somo, hasa Kakuma, ambako kuni zimeleta ugomvi wa kutosha. Katoni zikikatwa huwa karatasi nzuri upande wa ndani. Mikebe ya mafuta ya kupikia watoto wenyewe wanajua kuifanya magari. Mwalimu aangalie tu kingo zisiwakate.

Udongo wa mfinyanzi uchukuliwe kwenye kingo za laga baada ya mafuriko kupita. Toa mawe na mizizi, loweka, kanda kama unga wa chapati mpaka usishike mkononi. Ukipasuka unapokauka, ongeza mchanga laini kidogo. Kitu kilichofinyangwa kikaushwe kivulini siku kadhaa, kamwe si juani. Jua la Lodwar hupasua kitu kabla ya saa sita, na mtoto hudhani kosa ni lake.

Rangi tunayo: ni emunyen, ule udongo wa rangi ambao wazee wetu wanautumia kwenye sherehe. Kabla ya kuuchukua, waulizeni wazee, maana una heshima yake na si kila rangi ni ya kuchezea. Usage uwe unga laini. Gundi ni utomvu wa mgunga. Uloweke usiku mzima kwenye maji kidogo, uchuje kwa kitambaa asubuhi, changanya na unga. Pasipo utomvu rangi itapukutika ikikauka. Brashi ni mswaki wa esekon uliotafunwa upya. Kila mtoto atafune wake.

Habari ya alama

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, sanaa na ufundi vilikuwa ndani ya mtihani wa darasa la nane. Mapema miaka ya 2000 vikaondolewa kwenye mtihani, na kilichofuata kila mtu anakijua: kwenye ratiba kipindi kiliandikwa sanaa, darasani ilikuwa hesabu. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi ulioanza madarasa ya chini mwaka 2019 umerudisha sanaa kama somo, na katika sekondari ya juu sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi anaweza kufuata. Tunafurahi. Lakini kipindi kikirudi na mbuzi wa ubaoni akirudi nacho, tumepata nini?

Mwalimu atatakiwa kujaza fomu, na ajaze. Ila sisi tunamshauri asimpime mtoto kwa picha ya jirani yake. Weka picha yake ya kwanza ya muhula na ya mwisho, zipange pamoja, mwite mtoto, mwulize yeye ameona tofauti gani. Mara nyingi atakuwa mkali kwake mwenyewe kuliko fomu.

Yule mvulana aliyekunja mikono hatimaye alimchora mbuzi wao. Ilimchukua muhula mzima. Pembe iliyoinama ilimsumbua, akaifuta mara nyingi hata karatasi ikawa nyembamba. Tulimwomba tuitundike ukutani. Akafikiri, akasema hapana, anaipeleka nyumbani kwa baba yake, kwa sababu mbuzi mwenyewe alikuwa ameuzwa mwezi uliopita, karo.

Kwa vikundi

Mkikutana katika jumuiya ndogondogo au kwenye mkutano wa walimu, kabla ya kujadili somo hili kila mtu achore kwa kijiti mchangani mlango wa nyumba aliyozaliwa. Wazee pia, na Padre akiwepo naye achore. Kila mmoja aeleze mchoro wake, wengine wasikilize tu. Kisha ulizaneni: nani alitufundisha kuona mlango ule? Ni lini wengi wetu tuliacha kuchora, na nani alikuwa amesimama nyuma yetu siku hiyo? Hapa kwetu ni nani anayejua ufundi ambao watoto hawajauona, naye yuko tayari kukaa nao Jumamosi mbili? Aandikwe jina, aulizwe kama atahitaji nauli, na utomvu ulowekwe Ijumaa jioni.